Mchana wa Matumbawe: Kupanga Saa za Taa katika Tangi la Nairobi

Swali la kwanza la kila anayeanza kufuga matumbawe nyumbani ni lile la saa: taa ziwashwe saa ngapi, na zizimwe saa ngapi? Ni swali la haki, lakini limebeba maswali matatu ndani yake, na majibu yake hayafanani. La kwanza ni jumla ya mwanga ambao matumbawe yanahitaji kwa siku nzima. La pili ni muda ambao mwanga huo unapaswa kukaa katika kilele chake. La tatu, ambalo ndilo watu hulihangaikia kuliko mengine, ni saa ya ukutani. Kwa maoni yangu mawili ya kwanza huamuliwa na matumbawe yenyewe, nasi hatuna la kufanya ila kuyatii. La tatu ni lako wewe mwenye nyumba, na una uhuru nalo mkubwa kuliko unavyodhani, mradi ukishaamua usiwe kigeugeu.

Sisi tunaokaa Nairobi tuna kishawishi chetu maalumu. Mji huu uko takriban nyuzi 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, na urefu wa mchana wetu hautofautiani hata kwa robo saa kati ya Juni na Desemba. Jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, na huko pwani, ambako matumbawe ndiko kwao, mambo ni yayo hayo kwa kupishana dakika chache. Basi mtu hujumlisha haraka: mchana ni saa 12, kwa hiyo tangi nalo lipewe saa 12 za taa kwa nguvu zote. Nimeona matangi kadhaa yaliyopangwa hivyo, na dalili zake hufanana: vioo vinavyopata utando wa kijani kila baada ya siku mbili, na matumbawe yaliyofifia rangi kwenye ncha zake.

Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba jua halifanyi kazi kama swichi. Saa moja asubuhi pale Nyali kuna mwanga wa kutosha mtu kusoma gazeti, lakini jua bado liko chini, miale yake inapita katika hewa nyingi zaidi, na sehemu yake huakisiwa na uso wa maji badala ya kuzama. Kilele hufika muda mfupi baada ya saa sita mchana, ambapo siku isiyo na mawingu uso wa bahari ya tropiki hupokea karibu mikromoli 2,000 za fotoni, yaani punje za mwanga, kwa kila mita ya mraba kwa sekunde (kipimo ambacho kuanzia hapa nitakiita mikromoli tu); baada ya hapo mteremko huanza. Ukiuchora mwendo huo kama upinde na kuukokotoa, mchana mzima wa saa 12 hutoa jumla ya mwanga inayolingana na saa saba na nusu hivi za jua la utosi. Na hapo bado hatujagusa mawingu.

Wala matumbawe hayakai juu ya uso wa maji. Katika pwani yetu, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa inaweza kukaribia mita 4, maana yake tumbawe lililokuwa chini ya mita tatu za maji asubuhi linaweza kuwa chini ya karibu mita saba ilhali halijasogea hata inchi. Msimu wa kusi unapochafua bahari, mwanga hupungua zaidi. Kule Malindi kuna jambo la ziada ambalo mkazi wa Nairobi angefaa kulijua: udongo unaomwagwa baharini na mto Sabaki unatoka katika bonde lile lile la mto Athi ambalo mito ya mji wetu huishia, na maji yakiwa mekundu kwa tope, matumbawe ya pale hupata mwanga hafifu kwa siku nyingi mfululizo. Kwa hiyo anayesema anaiga bahari kwa kuwasha taa kali kutoka alfajiri hadi magharibi, ninaloliona mimi ni kwamba anaiga paa la mabati.

Ili kuelewa kiasi gani kinatosha, ni lazima tuingie ndani ya tumbawe. Tumbawe ni mnyama, tena koloni ya wanyama wadogo waitwao polipu, na ndani ya tishu zake huishi mwani wa chembe moja. Mwani huo hufanya usanisinuru, yaani hutengeneza chakula kwa mwanga, na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya sukari anayoitumia, naye humpa mwani makao pamoja na uchafu wa mwili wake, yaani nitrojeni na kabonidayoksaidi, kama malighafi. Mwanga ukiongezeka kutoka gizani, kazi ya mwani huongezeka sambamba nao. Lakini ipo hatua ambapo mitambo ya chembe hizo hushiba, na fotoni za ziada haziongezi chakula chochote. Kwa matumbawe mengi ya matangini hatua hiyo huwa mahali fulani kati ya mikromoli 200 na 400. Ukipita hapo kwa mbali, mwani huanza kujikinga kwa kuugeuza mwanga wa ziada kuwa joto, na kinga hiyo ikizidiwa, huzalisha aina za oksijeni zenye sumu zinazoharibu tishu. Hatimaye tumbawe humtema mpangaji wake na kubaki jeupe. Joto la maji likiwa juu, kiwango cha kuzidiwa hushuka, na ndiyo sababu El Niño ya mwaka 1998 ilipopausha na kuua matumbawe mengi katika pwani ya Kenya, joto na mwanga vilifanya kazi pamoja. Kutokana na hilo nimejiwekea kanuni ndogo: siku ambayo hita imekwama na maji yamepanda kufikia nyuzi 29, nashusha taa kabla ya kuanza kutafuta chanzo.

Upande wa pili wa mizani ni mifupa. Matumbawe magumu hujenga kiunzi chake cha chokaa kwa kasi kubwa zaidi penye mwanga kuliko gizani, takriban mara tatu kwa wastani, kwa hiyo kuyanyima mwanga kwa hofu nako si busara. Tumbawe linalokosa mwanga huwa na rangi ya kahawia iliyokolea, kwa kuwa huongeza idadi ya mwani ili kukamata fotoni chache zilizopo, na pengine hurefuka kuelekea juu. Linalopata mwingi mno hufifia kwanza upande unaotazama taa, huku kivulini mwake rangi ikibaki. Ishara hizi mbili, ukizizoea, zitakufaa kuliko mazungumzo mengi ya madukani.

Sasa tuje kwenye vipimo. Mwanga wa matumbawe hupimwa kwa fotoni zenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700, na kifaa chake si rahisi, hivyo wengi wetu tunaazimana. Programu za simu zinazodai kupima mwanga hazisaidii sana hapa, maana kihisi cha simu kimepimiwa jicho la binadamu, na jicho letu huona buluu kwa unyonge. Taa ya matumbawe yenye buluu nyingi itaonekana dhaifu kwenye simu hali inachoma. Viwango vinavyokubalika miongoni mwa wafugaji ni kama hivi: matumbawe laini na ya uyoga hutosheka na mikromoli 50 hadi 150, yale magumu yenye nyama nene na vinywa vikubwa hupenda 80 hadi 150 hivi, na yale yenye matawi na polipu ndogo, jamii ya Acropora na wenzake, huhitaji 200 hadi 350. Katika tangi lenye kina cha nusu mita utazipata tabaka zote tatu, kutoka juu karibu na uso hadi kwenye mchanga, na kazi yako ni kupanga nani akae ghorofa ya ngapi.

Lakini kipimo cha sekunde moja hakitoshi. Kinachohesabika ni mwanga wa siku nzima. Chukua kilele cha mikromoli 250 kwa saa 6. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo 250 mara 3,600 mara 6 hutoa mikromoli milioni 5.4, yaani moli 5.4 za fotoni kwa kila mita ya mraba. Ongeza saa 2 za kupanda na saa 2 za kushuka, ambazo wastani wake ni nusu ya kilele, upate moli 1.8 nyingine. Jumla ni moli 7.2 kwa siku. Jirani yako anayewasha nguvu ileile kwa saa 12 bila kupanda wala kushuka anamwaga moli 10.8, yaani nusu tena juu ya zako, na huenda hata hajui. Hesabu hiyo ina mipaka yake, nayo ni muhimu. Unaweza kupata moli 7.2 hizo hizo kwa mikromoli 1,000 katika saa 2 tu, na matumbawe yataungua, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga huo iko juu ya kiwango cha kushiba. Unaweza kuzipata pia kwa mikromoli 100 katika saa 20, na hapo umeyanyang'anya usiku, ambao ndio wakati polipu nyingi hutoa minyiri yake kuwinda vijidudu majini, na samaki nao hulala. Baina ya hizo mbili, kilele cha saa 5 hadi 7 ndani ya mchana wa saa 9 hadi 11 ndipo nilipotulia, na sioni sababu ya kuhama.

Hesabu hii ina faida nyingine isiyohusu bahari. Taa yenye wati 150 kwenye kilele, ikifuata ratiba hiyo ya kupanda na kushuka, hutumia takriban uniti 1.2 za stima kwa siku. Kwa saa 12 za nguvu zote ni uniti 1.8. Tofauti ya uniti 18 katika siku 30 huonekana kwenye tokeni, hasa ukikumbuka kwamba hita na pampu nazo hazilali.

Ratiba yangu mwenyewe ni hii. Saa sita mchana buluu huanza kuwaka kwa kiwango ambacho mtu akiingia sebuleni ghafla anaweza asikitambue. Hupanda taratibu hadi saa nane, na kuanzia saa saba nyeupe huungana nayo kwa kiasi kidogo. Kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku taa ziko kileleni. Kisha nyeupe huanza kuondoka, buluu hufuata polepole, na saa nne usiku giza hutawala hadi saa sita mchana wa kesho. Mpwa wangu alipokuja kututembelea asubuhi moja ya Jumamosi alisimama mbele ya kioo kwa muda, akaona samaki wangu aina ya kangaja amejibanza mwambani bila kutikisika, akaniuliza, "Mjomba, hawa wa kwako ni wavivu au ni wagonjwa?" Nilimjibu kwamba kwao bado ni usiku wa manane.

Ratiba hiyo nimeichagua kwa sababu ya foleni za jioni. Mtu anayetoka nyumbani kabla ya saa moja asubuhi na kurudi saa moja au saa mbili usiku, akiweka jua la tangi lifanane na la mbinguni, hatayaona matumbawe yake ila mwisho wa wiki. Na asiyeyaona haoni pia tumbawe lililofunga polipu, konokono aliyepinduka, wala pampu iliyoziba. Kuyatazama kila siku ni sehemu ya ufugaji wenyewe. Matumbawe hayana habari na saa ya Nairobi. Mwili wake, pamoja na mwani uliomo, una saa ya ndani inayorekebishwa na mwanga, na saa hiyo itafuata alfajiri yoyote utakayoileta, mradi ije wakati uleule kila siku.

Kuna tahadhari moja ya kienyeji wakati wa kuingiza ratiba. Programu za taa huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa nane mchana huandikwa 14:00, na fundi aliyeambiwa kwa mdomo "kilele kianze saa nane" anaweza kuandika 8:00 na kuondoka zake. Angalia pia kwamba kifaa kimewekwa katika saa za Afrika Mashariki, kwani baadhi huja na saa za kiwandani.

Kuhusu buluu, sababu yake si urembo peke yake. Maji humeza mwanga mwekundu katika mita chache za kwanza, ilhali buluu hupenya mbali, na mwani wa matumbawe una rangi za kukamatia mwanga zinazopendelea upande huo wa buluu na kijani-buluu. Nyekundu na kijani kutoka kwenye taa ni kwa ajili ya jicho la mwenye nyumba, na zikizidi huwafurahisha mwani wasioalikwa. Mimi huanza na kumaliza siku kwa buluu kwa sababu wakati huo ndipo rangi za matumbawe zinazong'aa, zile za kijani na chungwa, huonekana kama zimewashwa kwa ndani, na pia kwa sababu samaki hawashtuki. Taa inayowaka ghafla kutoka giza hadi asilimia mia huwafanya wengine wajigonge kwenye kioo.

Dirisha ni jambo ambalo wengi hulisahau. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana la Nairobi huwa upande wa kaskazini, na miezi mingine huwa kusini. Tangi lililowekwa mbele ya dirisha la kaskazini mwezi wa Januari linaweza kuonekana liko kivulini salama, kisha Juni likapigwa na jua la moja kwa moja kwa saa kadhaa, na mwenye nyumba akaanza kulaumu chakula cha samaki kwa mwani uliofumka ghafla. Jua la mji ulio juu kiasi hiki kutoka usawa wa bahari ni kali hata siku ya baridi. Kama huna ukuta mwingine, tundika pazia zito na ulihesabu kuwa sehemu ya ratiba.

Halafu kuna mbalamwezi. Takriban kila taa ya kisasa ina kitufe cha mwanga wa mwezi, na watu hukiacha kiwake usiku kucha kwa kuwa kinapendeza. Mwezi si pambo kwa matumbawe. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba tumbawe la Acropora millepora lina protini zinazohisi mwanga wa buluu, na kwamba utendaji wake hubadilika kufuatana na mbalamwezi. Ni mojawapo ya njia zinazodhaniwa kuyawezesha matumbawe kujua usiku wa kumwaga mbegu na mayai. Katika jumba la makumbusho la Horniman, London, Jamie Craggs na wenzake waliiga majira ya mwanga, joto na mwezi wa miamba ya mbali hadi matumbawe yakazaana ndani ya matangi yaliyofungwa, wakachapisha matokeo hayo mwaka 2017. Kwa matumbawe ya pwani ya Kenya, Sangeeta Mangubhai na Peter Harrison walieleza mwaka 2008 kwamba yale ya hifadhi ya Mombasa hayazaani yote kwa usiku mmoja mkubwa kama ilivyo Australia, bali kila jamii ina miezi yake na shughuli husambaa kwa muda mrefu. Sisi wa sebuleni hatutarajii mambo hayo, na ndiyo maana naona heri giza kamili kuliko mwezi mpevu wa siku 30 kwa mwezi. Anayetaka mbalamwezi aweke ile inayoongezeka na kupungua kwa mzunguko wa siku ishirini na tisa na nusu, tena hafifu kiasi kwamba huwezi kusoma saa ya mkononi mbele yake.

Giza la usiku lina upande wa kemia pia. Mchana usanisinuru hutumia kabonidayoksaidi na pH ya maji, yaani kipimo cha uchachu wake ambacho hushuka uchachu unapozidi, hupanda, pengine hadi 8.3, usiku kila kiumbe kinapumua na hakuna anayeitumia, nayo hushuka hadi 7.8 au chini yake. Mwezi wa Julai, nyumba za Nairobi zinapofungwa madirisha kwa baridi na watu watano wamelala ndani, hewa yenyewe ya chumbani huwa nzito kwa kabonidayoksaidi na mteremko huo huwa mkali zaidi. Dawa iliyozoeleka ni kupanda mwani wa nyuzi, Chaetomorpha, katika tangi la chini la kuchujia, na kuuwashia taa yake wakati taa za juu zimezimwa. Kwangu taa hiyo huwaka saa nne usiku na kuzimwa saa nne asubuhi. Iwe na kizuizi, isije ikavujisha mwanga hadi kwa matumbawe na kuharibu usiku wao.

Ratiba yoyote Nairobi ni lazima ijibu swali la stima kupotea. Kwanza, betri yako ndogo usiipoteze kwa taa. Matumbawe yanaweza kukaa siku nzima, hata mbili, bila mwanga na yasidhurike, kama yanavyokaa chini ya mawingu na tope baharini. Yanachoshindwa kustahimili ni maji kusimama na oksijeni kuisha. Inveta iendeshe pampu ya mkondo, na baridi ikizidi, hita. Pili, stima ikirudi usiongeze saa ili kufidia. Ratiba iendelee kutoka pale saa ilipofika. Kama ilirudi saa moja jioni, tangi lipate kilele cha saa moja tu na kushuka kama kawaida.

Tatu ni taima. Zile za bei nafuu, zenye gurudumu la vijino vya kubonyeza, huendeshwa na stima yenyewe. Ikipotea kwa muda wa saa mbili, gurudumu nalo husimama kwa muda huo, na inaporudi, jua la tangini limechelewa saa mbili wala halitajirudisha. Mvua za Aprili zikishatuzimia mara kadhaa, taa iliyopangwa kuzimika saa nne usiku utaikuta inawaka alfajiri. Ukisogea karibu utaona mshale mdogo pembeni mwa gurudumu ukielekeza saa tatu usiku wakati ya ukutani inasema saa kumi alfajiri. Afadhali kulipia taima ya kidijitali yenye betri ndani, au taa inayokumbuka saa yake bila kutegemea intaneti.

Jambo la mwisho ni kasi ya mabadiliko. Ukinunua taa mpya, hata iwe na wati sawa na ya zamani, anza na nusu ya nguvu yake na upandishe kama asilimia 5 kwa wiki. Tumbawe jipya lianzie chini, kwenye kivuli, lipandishwe ngazi kwa ngazi. Hujui lilikotoka lilikuwa na mwanga gani. Na kwa kuwa nimetaja kununua: liwe kipande kilichokuzwa na kuingizwa nchini kwa vibali, maana matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kung'oa tumbawe katika hifadhi zetu za baharini ni kosa la jinai. Mwani ukifumka, watu hukimbilia kupunguza saa za taa, na kweli hupungua kwa wiki mbili tatu, kisha hurudi, kwa kuwa chanzo ni nitrati na fosfati, mbolea inayotokana na chakula na uchafu majini. Punguza chakula, badilisha maji, na saa uziache zilivyo. Ukibadili vitu viwili kwa wakati mmoja hutajua kipi kilifanya nini.

Desemba, tunapofunga nyumba na kwenda ushago, ninachomwachia jirani ni visanduku vya chakula vilivyopimwa na ndoo ya maji safi ya kujazia. Yeye huja asubuhi kabla ya kwenda kazini, wakati tangi bado ni jeusi, na mtu mwema anayekuta tangi jeusi asubuhi na hajui ratiba atawasha kila swichi anayoiona. Kwa hiyo kwenye soketi nimebandika karatasi inayoeleza kwamba taa huanza zenyewe saa sita mchana, na kwamba kama amepita hapo saa nane na bado ni giza, anipigie simu kabla ya kugusa chochote.